Miaka mitano bila Papy Mahamba wa Radio Lwemba

Usiku wa tarehe 2 Novemba 2019, watu walivamia nyumba ya mwandishi wa habari Papy Mahamba Mumbere huko Lwemba, katika teritwari ya Mambasa. Walimuua kwa kisu, wakamjeruhi mke wake, wakaichoma nyumba moto. Papy alikuwa ametoka kuongoza kipindi juu ya Ebola kwenye Radio Lwemba, radio ya jamii ya pale pale.

Sisi wa Komanda tulipata habari hiyo kama tunavyopata habari zote za upande ule, kwa midomo ya madereva. Waliotoka Mambasa walisimama hapa kwenye njia panda, ambapo barabara inagawanyika, moja kwenda Bunia, moja Beni, moja Mambasa mpaka Kisangani, wakasema: wamemuua yule wa radio. Mtu mmoja akajibu, nilimsikia kwa masikio yangu: «Alikula feza ya Ebola, acha na yeye alipe.» Hakuna aliyemkemea. Mimi pia nilinyamaza.

Ndugu msomaji, mimi si munganga. Nilimaliza sekondari nikapata diploma ya serikali, nikachimba dhahabu miaka mingi, na leo ni delege wa sendika ya wachimbaji. Miaka mitano imepita, na hapa Komanda sijaona mahali jina la Papy Mahamba limeandikwa. Sikumjua uso kwa uso. Ninaandika juu ya deni.

Turudi nyuma kidogo. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, Kivu ya Kaskazini. Ikafuata barabara kama bidhaa zinavyofuata barabara, ikaingia Ituri: Mandima, Mambasa, Komanda yetu, Bunia. Mpaka siku ilipotangazwa imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, hesabu ilikuwa wagonjwa 3.470, na kati yao waliokufa ni 2.287.

Wengi wetu tulishuku, na nasema wazi kwamba tulikuwa na sababu za kushuku. Upande wa Beni watu walikuwa wanauawa kwa mapanga tangu 2014, na hakuna aliyekuja na msafara wa majeep. Kiisha Ebola inaingia, na majeep yanafika, na hoteli zinajaa, na kila kitu kinalipiwa kwa dola. Mwezi Desemba 2018, serikali ikasogeza uchaguzi wa Beni na Butembo mpaka Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama, na rais mpya akaapishwa mwezi wa kwanza kabla watu wa kule hawajapiga kura. Watu wakasema: njo ile, Ebola ni ya kutunyima kura. Na baadaye, Septemba 2021, tume iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe ikatoa ripoti kwamba wafanyakazi wa Riposte, wa kigeni na wa hapa nchini, waliwatumia vibaya wanawake kwa kuwaahidi kazi. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba aliyeshuku Riposte alikuwa mjinga.

Kosa letu lilikuwa mahali pengine. Shaka tuliyokuwa nayo juu ya watu, tuliichukua tukaiweka juu ya ugonjwa. Hao ni waongo, basi na virusi ni uongo. Ukiitazama polepole, hesabu hiyo haisimami. Mwizi anaweza kuja kukwambia nyumba yako inaungua, na nyumba iwe inaungua kweli.

Agosti 2019, kijana mmoja wa shimo letu, aliyekuwa anaangalia pampu ya maji, alipata homa, kisha kutapika, kisha kuhara. PDG wa shimo akasema tupige ile namba ya bure. Mimi nilikuwa delege, nikasema hapana. Niliwaambia: wakimchukua hamtamuona tena. Nilisema kwa sauti kubwa, kama tunavyosema kwenye mkutano wa bei, na watu wakanifuata kwa sababu kwenye mambo ya bei sikuwahi kuwadanganya. Tukampeleka kwenye chumba cha maombi. Siku ya tatu akafa. Kipimo kilichukuliwa kwa maiti, kikaonyesha Ebola. Wawili kati ya waliomuosha wakaugua. Mmoja alikubali kwenda kituo cha matibabu siku ya pili tu ya homa, akarudi nyumbani amekonda lakini mzima. Mwengine alikimbilia kambi ya wachimbaji msituni, akazikwa huko huko. Mimi nilikuwa nimebeba machela upande wa miguu. Sikuugua.

Waliandika jina langu kati ya watu wa kufuatwa siku 21. Kila asubuhi mtu alikuja kunipima joto mlangoni, majirani wakitazama. Sikuwa na kazi, nilikuwa na radio tu. Ni siku zile nilianza kusikiliza vipindi vya Ebola vya radio zetu ndogo, ambavyo kabla nilikuwa navizima. Nikaelewa kwa nini ni 21 na si 10: ugonjwa unaweza kujificha mwilini kuanzia siku 2 mpaka siku 21, na ukipita hapo bila homa, umepona na hofu. Nikaelewa kwamba mtu ambaye bado hana dalili haambukizi wengine. Nikaelewa kwamba maiti ndiyo ina virusi vingi kuliko wakati wote wa ugonjwa, na kwa hiyo wale vijana wa kuzika kwa mavazi meupe hawakuwa wanaficha viungo vya watu. Haya yote yangeweza kuniambiwa na munganga wa Kinshasa, na pengine niliambiwa. Lakini yule wa Kinshasa, ukimuuliza swali la pili, ameshapanda jeep.

Mtu wa radio ya kijiji, kila mtu anajua mlango wake. Akikosea leo, kesho atakutana na wewe sokoni. Ndiyo maana neno lake lina uzito, na ndiyo maana pia waliotaka kumuua Papy hawakuhitaji kuulizia njia. Na yeye alijua anasemea wapi. Katikati ya Septemba 2019, kifo cha mfanyakazi mmoja wa afya kutokana na Ebola kilileta fujo Lwemba, kazi ya Riposte ikasimama pale kwa muda. Wiki kama saba baadaye, Papy alikuwa bado kwenye mikro na Ebola yake.

Sasa nataka kusema juu ya kushuku kwenyewe, maana vijana wa mashimoni wananiambia: delege, sasa umekuwa mtu wa kuamini kila kitu cha wazungu. Hapana. Nashuku kuliko zamani.

Sisi wachimbaji tunajua kushuku kuliko mtu yeyote. Ukimletea mnunuzi dhahabu yako, hakuiti mwongo, lakini hakuamini pia. Anapitisha sumaku, mchanga mweusi unatoka. Anaweka motoni. Anadondosha asidi: kama ni shaba, inachemka na kugeuka kijani, kama ni dhahabu, inakaa kama ilivyo. Halafu anaweka kwenye mizani. Na wewe nawe hauamini mizani yake, juu ya nini uiamini? Sendika yetu iligombana miaka mingi ili mchimbaji aruhusiwe kuja na jiwe lake la kupimia. Pale hakuna anayekasirika. Kila mmoja anashuku, na wote wawili wanakwenda kwenye mizani. Lakini yule kijana wa pampu, mimi nilishuku, na mizani sikuigusa. Kusema kweli, nilikuwa na uvumi mkononi nikaupa jina la shaka.

Wanasayansi nao wanashukiana hivyo hivyo, na hapa nina mfano wa nyumbani. Profesa Jean-Jacques Muyembe alikwenda Yambuku mwaka 1976, wakati ugonjwa huu haujapata hata jina, akachukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu. Kule watu 280 walikufa kati ya 318. Mwaka 1995 Ebola ilipoingia Kikwit, yeye na wenzake walijaribu kitu: walichukua damu ya waliopona wakawapa wagonjwa 8. Saba walipona. Ungekuwa wewe, ungesemaje? Mimi ningepiga kelele barabarani kwamba dawa imepatikana. Lakini wanasayansi wengine walisema: ngoja. Hamkuwa na kundi la kulinganisha. Pengine hao saba wangepona hata bila damu ile, kwa sababu mlango wa ugonjwa ulikuwa unafungwa na wagonjwa walikuwa wanatunzwa vizuri zaidi. Shaka hiyo ilikuwa ngumu kuimeza, na ilikuwa ya haki.

Jibu lilikuja miaka 24 baadaye, hapa hapa kwetu. Kuanzia Novemba 2018, kwenye vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681 waligawanywa katika makundi manne, dawa nne, kwa bahati nasibu, kama sisi tunavyovuta vijiti kugawana sehemu za shimo ili PDG asimpendelee shemeji yake. Moja ya dawa hizo, ZMapp, ndiyo iliyokuwa inategemewa, zingine zilipimwa dhidi yake. Matokeo: kati ya waliopewa ZMapp, karibu nusu walikufa. Remdesivir, 53 kwa mia. Lakini mAb114 ilikuwa 35 kwa mia, na REGN-EB3 chini ya 34. Tarehe 12 Agosti 2019 zile mbili za kwanza zikawekwa kando. Ile iliyopendwa na wakubwa ilishindwa, na wakubwa wenyewe wakasema imeshindwa. Na hiyo mAb114 imetokana na damu ya mtu aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka 1995. Muyembe alikuwa hajakosea sana, lakini ilibidi apimwe kama mwengine yeyote.

Angalia tarehe vizuri. 12 Agosti 2019. Ni mwezi ule ule niliokuwa nazuia watu kupiga simu. Na kwa wale waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, dawa hizo mbili ziliokoa kama tisa kati ya kumi. Nimeshafanya hesabu hiyo usiku mara nyingi, siirudii hapa.

Habari kama hiyo, nani aliipeleka mpaka Lwemba, mpaka kambi za msituni ambako magazeti hayafiki? Radio. Watu kama Papy Mahamba ndio waliobeba kwa Kiswahili kile ambacho maprofesa walikitoa kwa Kifaransa na Kiingereza, na kukibeba huko ni kukubali kuulizwa: nani alikulipa? Anayeuliza swali hilo ana haki ya kuuliza. Lakini mwenye kuuliza anangoja jibu, hachomi nyumba.

Nimeyaleta haya sasa kwa sababu ya mpox. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura tarehe 14 Agosti 2024, na chanjo ilianza Goma tarehe 5 Oktoba 2024. Wengi hapa hawajui kwamba aina mpya ya virusi hivyo imegunduliwa Kamituga, Kivu ya Kusini, mji wa dhahabu kama yetu, ambako ugonjwa ulianza kuonekana Septemba 2023. Unapita kwa ngozi kugusana na ngozi, na kwa kulala pamoja. Mchimbaji analala wapi? Watu kumi ndani ya hema moja, blanketi mbili. Na wachimbaji wanatembea: uvumi wa dhahabu mpya ukitokea leo Kamituga, wiki ijayo utakuta kijana wa Irumu huko, na akirudi anarudi na kila alichokipata.

Maneno yameshaanza. Nimesikia kwamba ni laana ya dhahabu, kwamba chanjo inakausha uzazi, kwamba waliocheza na Ebola wameona feza imekwisha wakaleta ingine. (Ni wale wale wanaosema ukikunywa maziwa moshi wa zebaki haukudhuru, na wanaendelea kuchoma merkire kwenye sufuria ya kupikia.) Safari hii sikupiga kelele upande wowote. Jumamosi iliyopita, kwenye mkutano wa sendika, nilileta daftari nikasema kila mtu aseme shaka yake, hata ya kuchekesha, niiandike.

Tulipata maswali 14. Vijana waliuliza mengi juu ya uzazi. Mzee mmoja aliuliza kwa nini ndui ya zamani na hii zinafanana. Mama mmoja anayetwanga mawe aliuliza swali ambalo lilinyamazisha wote: «Delege, wale banaleta chanjo, benyewe balichomwa?» Nilimjibu sijui. Akasema: «Basi enda uulize, kiisha urudi.»

Muuguzi wa kituo cha afya amekubali kuja Jumamosi hii saa tatu asubuhi. Nimemuonyesha maswali yote 14 mapema, ameniambia manne hana jibu lake, atauliza Bunia kabla ya siku hiyo. Mwenye shaka ingine ailete kwenye hangari la sendika kabla ya Ijumaa jioni. Daftari liko juu ya meza, na kalamu imefungwa kwa kamba.