Paka anaumwa sana, daktari bado hajajua ni nini: ufanyeje?

Siku ya tatu sasa paka hajagusa hata dagaa. Amejificha chini ya kitanda, ukimwita hageuki. Unamweka kwenye boksi, unapanda bodaboda kutoka Buzuruga mpaka kwa daktari wa mifugo. Anampima joto, anampapasa tumbo, kisha anakwambia: "Inaweza kuwa figo, inaweza kuwa sumu, inaweza kuwa virusi. Bado sijajua."

Unarudi nyumbani na dawa mbili na swali lile lile. Jirani anasema, "Si paka tu huyo?" Kwako si paka tu.

Jibu la daktari linaudhi, lakini mara nyingi ni la kweli. Na kuna mengi ya kufanya hata kabla ugonjwa haujapata jina.

Kwa nini jibu linachelewa?

Paka huficha maumivu. Ukiona dalili, mara nyingi ugonjwa umeshaenda mbali. Halafu dalili zenyewe zinafanana: kutokula, kutapika na kulala kutwa vinaweza kuletwa na minyoo, figo, ini, sumu ya panya au virusi.

Kuna magonjwa yanayosumbua hata hospitali kubwa za Ulaya. Mfano ni FIP, unaoletwa na virusi vya korona vya paka, ambavyo si vile vya UVIKO-19. Tumbo linaweza kujaa maji, paka anakonda. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachotosha kuuthibitisha. Daktari huunganisha dalili, damu na maji ya tumboni. Zamani karibu kila paka aliyeupata alikufa. Tangu 2019 utafiti umeonyesha kwamba wengi hupona wakipata dawa iitwayo GS-441524.

Dalili ambazo hazisubiri kesho

Rudi kwa daktari siku hiyo hiyo ukiona:

- Paka dume anachuchumaa kukojoa lakini mkojo hautoki. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.
- Anapumua huku mdomo uko wazi, au fizi zimekuwa nyeupe au za bluu.
- Macho au fizi zimekuwa za njano.
- Anatoka damu puani au kwenye choo. Huenda amekula panya aliyekula sumu. Baadhi ya sumu hizo zina dawa yake, vitamini K1, ila iwahi.
- Hajala kabisa kwa siku mbili au tatu. Ini la paka, hasa aliyenenepa, huanza kujaa mafuta na kushindwa kazi.

Kama anayumba au amebadilika tabia

Hapa uwe makini, maana ni suala la usalama wa familia pia. Kichaa cha mbwa huwapata paka. Paka mpole anakuwa mkali ghafla, anatoa mate mengi, anayumba. Kwa mnyama, ugonjwa huu huthibitishwa kwa kupima ubongo baada ya kufa. Kwa hiyo usisubiri uhakika. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na paka kama huyo, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo.

Lakini kuyumba kuna sababu nyingine, na hii inatuhusu sana watu wa ziwani. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayelishwa samaki hao wabichi peke yake kwa wiki kadhaa anaweza kukosa hamu ya kula, kisha akayumba, shingo ikainamia kifuani, na mwisho akapata degedege. Tiba ni sindano za vitamini B1, na akiwahiwa anaweza kupona. Kupika samaki huharibu kimeng'enya hicho.

Daktari hawezi kukisia hilo kama hujamwambia paka anakula nini. Ndiyo maana maelezo yako ni kipimo cha bure.

Andika kwenye simu yako

Kila siku andika: amekula nini na kiasi gani, amekunywa, amekojoa, ametapika mara ngapi. Akiwa amelala, hesabu pumzi kwa dakika moja. Zikizidi 30, mpigie daktari. Akipata degedege, rekodi video. Taja pia sumu ya panya iliyowekwa mtaani na dawa yoyote uliyompa.

Usibahatishe dawa

Usimpe Panadol hata robo kidonge. Mwili wa paka hauwezi kuivunja paracetamol, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe au mbwa. Nyingi ni sumu kwake. Maziwa nayo hayaondoi sumu.

Muulize daktari maswali haya

1. Kati ya magonjwa unayoyashuku, lipi linaua haraka na lipi linatibika? Tuanze na hayo.
2. Kipimo hiki kitabadilisha tiba? Kama dawa ni ile ile, hela itumike kwingine.
3. Baada ya siku ngapi tutajua kama dawa inafanya kazi?

Kama sampuli inahitaji maabara, muulize pia kuhusu kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) kilichopo Mwanza.

Na kama haponi?

Amua mapema na wenzako nyumbani: tutatumia hela kiasi gani, na tutaishia wapi. Angalia mambo madogo. Bado anakula? Anajilamba? Anakuja ukimwita? Siku mbaya zikizidi nzuri, zungumza na daktari kuhusu kumpumzisha kwa sindano. Kazi hiyo ni ya daktari, si ya kumtupa paka jalalani akafie huko.

Unaweza kumzika bila kujua alikufa kwa nini. Wengi hubaki wakijilaumu. Kama ulimwahisha, ukasema ukweli wote na hukubahatisha dawa, umefanya sehemu yako. Ila kama kulikuwa na dalili za kichaa, usimguse kwa mikono mitupu na usimzike kwanza. Mwite afisa mifugo wa kata.