Kopi ya bure, na saa za kazi nani atalipa?

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto wenye kusoma gazeti hili nyumbani, leo almasi tutaigusa kwa pembeni tu. Tunataka kusema juu ya kopi.

Hapa Makiso kila mutu anajua fasi ya kwenda. Unafika kwenye meza ya kijana mwenye kompyuta ya zamani na parasoli, unamupa telefone ao kle USB yako, unalipa falanga kidogo, anakuwekea nyimbo, filme, hata Windows nzima kama mashini yako imekufa. Hakuna mwenye kuuliza nani aliitengeneza. Wamoja wanaita ile kupirati, wengine wanasema ni kusaidiana tu, juu Mzungu wa kule tayari ni tajiri.

Mabishano haya siyo ya leo. Miaka 50 iliyopita, Marekani, watu waliopenda kompyuta kuliko usingizi waligombana kabisa juu ya jambo hili. Tukiisoma habari yao, tunakuta ndani maneno ambayo mutu wa sendika anayajua: saa za kazi, beyi, na yule anayekaa katikati.

Kompyuta yenyewe iliitwa Altair 8800. Ilitokea kwenye jalada la gazeti Popular Electronics la mwezi wa kwanza 1975. Kampuni MITS ya muji wa Albuquerque iliuzisha vipande vyake karibu dolari 400, ndani ya karto, na wewe mwenyewe unakaza vis na kuchomelea nyaya. Ukimaliza, uko na sanduku lenye swichi na taa ndogo mbele yake. Hakuna ekra, hakuna klavye. Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, wakiwa na mwenzao Monte Davidoff, waliiandikia programu ya BASIC, ile luga ambayo mutu anaitumia kuiambia mashini kitu cha kufanya. Programu ilikaa kwenye utepe wa karatasi wenye matundu.

Mwezi wa sita 1975, MITS ilikuja kuonyesha Altair ndani ya hoteli moja ya Palo Alto, California. Utepe mumoja ukatoka pale bila ruhusa. Ukafika kwa Dan Sokol, aliyekuwa na mashini ya kutoboa tepe haraka haraka. Akatosha kopi nyingi, akazipeleka kwenye mukutano wa Homebrew Computer Club, chama cha wapenzi wa kompyuta kilichoanza mwezi wa tatu mwaka ule ndani ya garaji moja ya Menlo Park. Sharti lilikuwa moja: ukichukua kopi moja, utarudisha mbili. Munaweza kufikiri kopi zilienda mbali namna gani.

Tarehe 3 Februari 1976 Gates akaandika barua ya wazi kwa wapenzi wote wa kompyuta. Alikuwa na miaka 20. Akawaambia kwamba wengi wao ni wezi. Alisema wenye Altair walionunua BASIC hawafiki asilimia 10, kwamba saa za kompyuta walizotumia kuitengeneza zilikuwa na samani kupita dolari 40 000, na kwamba ukigawanya makuta yaliyoingia kwa saa za kazi, kila saa inapata chini ya dolari 2.

Hapo sisi watu wa sendika tunasimama kidogo. Mwaka ule sheria ya Marekani iliweka mushahara wa chini kabisa dolari 2,30 kwa saa. Maana yake, kama hesabu yake ilikuwa ya kweli, waandishi wa ile programu walipata chini ya mutu wa kufagia dukani. Mutu anayeshinda ndani ya shimo kutoka asubuhi, na jioni anapewa kitu kisichotosha hata muhogo na samaki, hawezi kucheka malalamiko ya namna ile, hata kama aliyelalamika alikuja kuwa tajiri wa kwanza wa dunia.

Lakini tusikilize na upande wa pili. Ukimunyanganya muchimbaji jiwe lake, mukono wake unabaki mutupu. Ukikopi utepe, mwenyewe anabaki nao. Njo sababu watu wa Homebrew hawakujiona wezi. Tena kuko waliolipia BASIC mbele, wakangoja miezi bila kuiona. Na wengine wakauliza: ile kompyuta kubwa ya chuo cha Harvard iliyotumika kuandika BASIC, si ililipwa na makuta ya serikali? Ilikuwa kweli, ililipwa na wizara ya ulinzi. Swali zuri, kwa mawazo yetu.

Na beyi? Aliyenunua kwa MITS kadi za memori alipata BASIC kwa beyi ya chini. Aliyezikataa aliongezewa sana. Kumbe kadi zile zilikuwa na kasoro, watu wakanunua za fasi ingine. Ndugu munaouzisha mawe, ninyi munaujua muchezo huu: mwenye kukukopesha pampu na chakula njo huyo huyo anayetaka jiwe lipite kwake tu. MITS ilikuwa kontwari. Na kweli, nyuma ya muda kidogo Gates na Allen wenyewe waligombana nayo, juu ilizuia programu yao isiuzishwe kwa kampuni zingine. Mwaka 1977 musuluhishi aliwapa haki, na toka siku ile wakauzisha kwa kila mutu. Utajiri wao ulianza kukua pale. Zile kopi za garaji hazikuwaua. Wengine wanasema hata ziliwasaidia, juu kila mutu alikuwa amekwisha kuzoea BASIC yao.

Mutu tunayemupenda zaidi ndani ya habari hii ni mwingine, Tom Pittman. Aliposoma ile barua, aliandika BASIC yake ndogo, akaiweka dolari 5 tu, apate kuona kama watu ni wezi kweli. Watu walilipa, naye akapata faida. Katika miezi ile ile wengine waliandika BASIC ndogo za bure na kuzitangaza kwenye gazeti, kila mutu achukue na atengeneze zaidi. Sheria ilichelewa: Marekani iliandika wazi mwaka 1980 tu kwamba programu ya kompyuta inalindwa sawa kitabu.

Leo mashini zile ni vitu vya kukusanya. Wanaozitunza bado wanagombana: programu ambayo kampuni yake imekufa, kuikopi ni wizi ao ni kuiokoa isioze? Mwaka 2003 serikali ya Marekani ilikubali kwamba programu za mashini zilizopitwa na wakati zinaweza kufunguliwa kufuli ili zihifadhiwe. Na mwezi wa nne 2025, Microsoft ilipotimiza miaka 50, Gates mwenyewe aliiweka ile BASIC ya Altair mbele ya watu wote, maandishi yake kamili, bure. Miaka karibu 50 nyuma ya kuwaita wezi!

Turudi Makiso. Yule kijana wa parasoli hatumuiti adui, naye anatafuta chakula cha watoto. Wanaotuhangaisha ni wengine: wanafunzi wa hapa kwetu wanaoandikia maduka, famasi na depo programu za kuhesabu mali. Mwenye duka analipa nusu, anamupa ndugu yake kopi, ndugu anamupa rafiki, na mwanafunzi anasikia jina la programu yake fasi asiyoijua. Huyu siye tajiri wa Marekani. Ni mutoto wa muchimbaji, na minerval yake ilitoka shimoni.

Kwa hiyo tunawaambia vijana wale: mbele ya kuandika hata musitari mumoja, andikeni karatasi. Beyi ni ngapi, italipwa siku gani, nani atatengeneza ikiharibika, na kama duka la pili linaweza kupewa kopi, kwa falanga ngapi. Na beyi iwe ya Boyoma, isiwe ya Ulaya. Karatasi mbili, sahihi mbili, na moja mutunze kwa mama nyumbani.