Bwawa Laleta Umeme, Laweza Kuleta na Maradhi

Bwawa la Akosombo, katika mto Volta nchini Ghana, lilijengwa kati ya mwaka 1961 na 1965. Nchi ilipata umeme, na watu wapatao 80,000 wakahamishwa kulipisha ziwa. Maporomoko yalipofunikwa na maji, usubi wanaoeneza upofu wa mtoni walikosa pa kuzalia. Lakini penye maji yaliyotulia magugu yaliota, konokono wakazaana humo, na kichocho kikawashika watoto wengi wa wavuvi.

Twajifunza kwamba mradi mmoja waweza kuondoa maradhi haya na kuleta yale. Basi kabla tingatinga halijawasili, hatuna budi kuuliza: maji yatatuama wapi? Vyoo vya vibarua vitachimbwa wapi? Wanaohamishwa watakunywa maji gani? Zahanati iko umbali gani?

Maswali hayo yawahusu pia wanajeshi na polisi wanaotumwa kulinda miradi, kwani kambi zao hupigwa karibu na maji yaleyale. Kichocho hakichagui sare. Yafaa kila kamanda apewe majibu kabla ya hema la kwanza kusimamishwa, na wanakijiji wapewe kabla ya kuhamishwa.