Dai la Mwalimu Huanza Novemba

Shule zinapofungwa mwezi Juni, Bariadi, mkoani Simiyu, haipoi. Ni msimu wa pamba. Wakulima wamejazana kwenye vituo vya AMCOS, vyama vyao vya ushirika, wakisubiri mizani, na foleni nyingine imejipanga kwenye korido za halmashauri: walimu wenye bahasha za kaki. Fungua moja utakuta barua ya kupanda daraja, slipu za mshahara zinazoonyesha kwamba mshahara haujabadilishwa, na fomu ya nauli ya likizo ambayo haijalipwa. Mwalimu ametoka Dutwa au Nkololo, pengine hata Gamboshi, ambako masimulizi ya uchawi humtisha mwalimu mgeni kuliko urefu wa njia. Akimkosa Afisa Utumishi, anapita ofisi ya Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kumwona katibu wa wilaya.

Kwa maoni yangu, safari hiyo imechelewa miezi saba. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza tuitazame hiyo Juni yenyewe, maana wengi hudhani ni mwezi wa mwalimu kulala.

Juni ndiyo mwezi wa michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Walimu wanakuwa makocha, waamuzi, walezi na wauguzi wa watoto waliolala madarasani kwa siku kadhaa. Semina za mtaala mpya nazo mara nyingi hutafuta nafasi wanafunzi wakiwa nyumbani. Simiyu ina la ziada. Wakati wa Anthony Mtaka, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa hadi 2021, mkoa ulijijengea jina kwa kambi za kitaaluma. Watahiniwa walikusanywa pamoja, walimu mahiri wa somo wakatolewa kwenye vituo vyao kwenda kuwapiga msasa, na wazazi wakachangia chakula. Matokeo ya mitihani yalipanda na sifa zikaenda kwa mkoa.

Sina sababu ya kuzibeza kambi. Swali langu ni la kiutumishi. Mtumishi wa umma ana haki ya likizo ya siku 28 kwa mwaka, na hulipiwa nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili. Mwalimu hutakiwa kuichukua likizo hiyo shule zikiwa zimefungwa. Sasa Juni yupo kambini, na Desemba huenda akahitajika kwa jambo jingine: likizo yake imekwenda wapi? Hapa chama kina kazi ndogo yenye faida kubwa, nayo ni kusisitiza kwamba mwalimu aitwe kambini kwa barua inayotaja tarehe, siku na malipo. Akiitwa kwa simu ya mkononi hana cha kuonyesha baadaye. Mwenye barua anaweza kudai siku zake zipangwe upya.

Chama chenyewe, CWT, kilianzishwa mwaka 1993, baada ya walimu kukaa miaka mingi ndani ya chama kimoja cha wafanyakazi wote, kuanzia NUTA ya 1964 hadi JUWATA na OTTU. Mwanachama hukatwa asilimia 2 ya mshahara. Kwa mwenye shilingi 700,000 ni 14,000 kwa mwezi, sawa na 168,000 kwa mwaka, kwa hiyo anayeuliza fedha hizo zinafanya nini ana haki ya kujibiwa kwa zaidi ya fulana ya Mei Mosi. Wapo pia wanaokatwa bila kujiunga, na hao ndio hulalamika kwa sauti kubwa zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakiruhusu chama chenye wanachama wengi kukubaliana na mwajiri kuwakata ada ya uwakala wasio wanachama, kwa hoja kwamba mkataba kikiupata wao nao hunufaika. Ukipenda uwe mwanachama kamili mwenye kura, unajaza fomu TUF 6. Ukikatwa ada ya uwakala bila kuijaza, umelipa lakini huna kura ya kumchagua hata mwakilishi wa shule yako.

Sasa twende kwenye hiyo miezi saba. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Kabla ya hapo Bunge hukaa kujadili bajeti kuanzia Aprili. Kabla ya Bunge, baraza la madiwani limeshapitisha makisio ya halmashauri, na kabla ya madiwani, maofisa wameshaketi Desemba na Januari wakipanga ikama, yaani idadi ya watumishi, na bajeti ya mishahara kwa kufuata mwongozo ambao kwa kawaida hutoka Novemba. Kupanda daraja kunahitaji jina lako liwemo kwenye tange, yaani orodha ya watumishi kwa ngazi zao, na fedha zako ziwemo kwenye bajeti hiyo ya mishahara. Jina lililosahaulika Januari haliingizwi Juni kwa sababu mwenyewe amekuja na bahasha. Ataambiwa asubiri mwaka mwingine wa fedha, na anayemwambia hivyo hamdanganyi.

Ndiyo maana naiona Mei Mosi kama siku ya kupokea taarifa kuliko siku ya kudai. Rais anapopanda jukwaani, hesabu zimeshafungwa. Mwaka 2025 pale Singida ilitangazwa kwamba kima cha chini kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 23.3, iliyotangazwa Mei 14, siku chache baada ya Mei Mosi ya Dodoma. Slipu za Julai mwaka ule zilipotoka, watumishi wengi walipigwa na butwaa kuona nyongeza ndogo, kwa sababu asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini na ngazi za juu zilipata pungufu. Chama kingeeleza hilo Mei, shule kwa shule, kingepunguza hasira za Julai.

Kuna wakati chama kilijaribu njia ya mkato. Mwaka 2012, mwaka ule ule Simiyu ilipomegwa kutoka Shinyanga na Busega ikachukuliwa kutoka Mwanza, walimu nchini waligoma kuanzia Julai 30. Walidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na posho ya mazingira magumu ya asilimia 30. Agosti 2 Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikatamka kwamba mgomo ni batili. Kilichopatikana kilipatikana polepole na kwa sehemu: baadaye posho ya madaraka ilirejea, shilingi 200,000 kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na 250,000 kwa mkuu wa sekondari. Mwalimu wa kawaida wa Meatu, anayefundisha mbali na maji na mbali na barabara, bado anaisubiri ile asilimia 30.

Madaraja yana historia yake. Kuanzia 2016 upandishaji ulisimama kupisha uhakiki wa watumishi hewa na wa vyeti, ule uliowaumbua watumishi 9,932 Aprili 2017. Waliokuwa na vyeti halali nao walisimama. Upandishaji uliporejea, walioajiriwa miaka tofauti wakajikuta ngazi moja, na hapo ndipo likaja neno mserereko, yaani kumpandisha mtu haraka hadi ngazi anayostahili. Mserereko haujileti. Unahitaji barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na za kila daraja, na mwalimu aliyehamishwa kutoka Itilima kwenda Busega mara nyingi jalada lake lina pengo. Kazi nzuri zaidi ambayo CWT imefanya miaka ya karibuni, kwa jicho langu, ni kliniki tembezi, zinazowakutanisha walimu na maofisa wa Tume ya Utumishi wa Walimu, TAMISEMI na Utumishi mahali pamoja, jalada likiwa mezani. Hotuba kumi za mkutano mkuu hazifikii asubuhi moja ya namna hiyo.

Wanaokaribia miaka 60 wana hesabu nyingine, ya kikokotoo cha mafao ya kustaafu. Mkupuo wa mafao ulishuka hadi asilimia 33 Julai 2022, kisha bajeti ya 2024 ikaupandisha hadi 40 kwa waliokuwa na haki ya 50. Hapo nyaraka pungufu huumiza kuliko popote, kwa kuwa mafao hukokotolewa kwa mshahara, na mshahara hufuata daraja.

Kwa hiyo mwakilishi wa CWT shuleni akusanye nakala za walimu wake kabla shule hazijafungwa Desemba, kila moja ikiwa na muhuri wa kupokelewa halmashauri, na azifikishe kwa katibu wa wilaya akiwa na orodha ya majina. Katika halmashauri zote sita za Simiyu, baraza la wafanyakazi likikaa kujadili rasimu ya bajeti, wajumbe wa chama waulize namba mbili tu: walimu wangapi wametimiza muda wa kupanda daraja kwa mujibu wa tange, na wangapi wametengewa fedha. Namba hizo zikitofautiana, Afisa Utumishi ataje majina ya waliobaki nje kikaoni hapo hapo, yaandikwe kwenye muhtasari.