Kumimina Maji Nako ni Somo

Wako wazazi, Ilomba jijini Mbeya na hata kwetu Visiwani, wanaonung'unika kwamba mtoto wa darasa la awali anayemimina maji kutoka jagi hadi kikombe anachezea maji na kupoteza siku. Hatukubaliani nao.

Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alizitia kazi za namna hii katika mafunzo ya maisha ya kila siku. Mtoto huanza na nafaka kavu. Kwa watu wa Ilomba, maharage au mchele wa Kyela. Akizimudu ndipo hupewa maji, tena kidogo, na hayohayo hurudishwa jagini. Yakimwagika hakemewi, hupewa kitambaa apanguse. Maji yenyewe yamekwisha kumsahihisha.

Wala si jambo geni. Sisi tulipokuwa wadogo tuliwanawisha wageni kwa birika, na tone likidondoka jamvini tuliliona kabla ya wazee. Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, hakutaka shule imtenge mtoto na kazi za jamii yake.

Basi maofisa elimu wakikuta sakafu imelowa, wasianze kuuliza herufi ziko wapi. Waulize kama vitambaa vinatosha, na kama jagi linauenea mkono wa mtoto.