Everest: juu ya nini mupanda-mulima anarudi wakati kilele kimebakia metre mia moja?

Tarehe 16 Mei 2019, Saray Khumalo alifika ku kilele cha Everest, mulima murefu kuliko yote ya dunia, metre 8.848. Ni mwanamuke mweusi wa kwanza wa Afrika kufika pale. Anaishi Afrika ya Kusini, lakini alizaliwa Zambia, kwa majirani wetu wa ngambo ya Kasumbalesa. Watu wanakumbuka siku hiyo. Miaka yenye iliitangulia haizungumuziwe sana, na kumbe ndiyo iko na mafundisho.

Mara tatu pashipo kufika

Khumalo, mwenye alikuwa anapanda ili kukusanya feza za elimu ya watoto, alijaribu Everest mara ine. Mwaka wa 2014, tarehe 18 Aprili, barafu iliporomoka na kuua Wanepali 16 wenye walikuwa kazini, kubeba mizigo na kutengeneza njia ya wapandaji. Musimu ukafungwa. Mwaka wa 2015, tarehe 25 Aprili, tetemeko la udongo likaua watu karibu 9.000 mu Nepal, na theluji ikaangukia kambi ya chini ya Everest. Musimu ukafungwa tena.

Mwaka wa 2017 alibakisha karibu metre 100 tu. Upepo ulikuwa mukali sana. Akageuka, na ilibidi helikopta imutoe ku mulima. Nyuma ya miaka mbili akarudia, na akafika.

Mutu anaweza kuuliza: metre 100 ni kitu gani? Hapa Lubumbashi ni mwendo wa dakika moja na nusu. Ku Everest, inaweza kuomba saa moja na zaidi.

Hewa inakuwa nyepesi

Lubumbashi iko karibu metre 1.200 juu ya bahari, na mwili wetu umezoea. Kadiri mutu anapanda, hewa inapunguka uzito. Oksijeni haiishe, lakini kila pumzi inaingiza kidogo. Ku metre 5.000, pumzi moja inaleta karibu nusu ya ile ya pembeni ya bahari. Ku kilele cha Everest, ni sehemu moja kati ya tatu.

Kupita metre 8.000, mwili hauwezi kuzoea tena: unakufa polepole, hata kama umelala. Ndiyo maana wapandaji wengi wanabeba chupa za oksijeni. Lakini chupa iko na saa zake, na hewa hiyohiyo ndiyo ya kushukia. Mutu akiimaliza juu, atashuka na nini? Wapandaji wanaweka saa ya kugeuka mbele ya kuondoka: ikifika, unarudi, hata kama kilele unakiona na macho. Siku ile Khumalo alifika, mwenzake wa kundi moja, mwalimu wa chuo kikuu kutoka Ireland, alianguka wakati wa kushuka, na hakuonekana tena.

Tatizo ingine ni ubongo. Ukikosa oksijeni, unafikiri vibaya, na wewe mwenyewe haujue. Mwezi wa Mei 2024, Mukenya Cheruiyot Kirui, mutumishi wa banki, alitaka kufika ku Everest pashipo chupa. Kadiri ya habari zilizotoka Nepal, kiongozi wake Nawang Sherpa alijulisha kwa redio kama Kirui alikuwa amebadilika, na alikatala kurudi na kutumia oksijeni. Maiti yake ilikutwa chini kidogo ya kilele. Nawang, mwenye alibakia naye, hakupatikana.

Na kwetu?

Hatuna Everest, lakini tuko na milima yenye inaomba heshima. Nyiragongo, pembeni ya Goma, iko na metre 3.470. Kilele cha Margherita, mu Ruwenzori, ku mupaka wa Kivu ya Kaskazini na Uganda, kiko na metre 5.109, na kuko barafu.

Mwenye kupanda ashike mambo matatu. Kupita metre 3.000, usipandishe fasi ya kulala zaidi ya metre 500 kwa siku. Kichwa kikiuma na tumbo linakataa chakula, usipande tena mpaka vipite. Ukiona mwenzako anayumba sawa mulevi, anasema ovyo, ao anahema hata akiwa amekaa, mushushe mara moja, hata usiku. Usimuulize kama anataka: ni ubongo wake ndio umekosa hewa.

Na mwenye kukubebea muzigo ao kukuongoza, yeye pia iko na familia yenye kumungojea. Wakati anasema turudi, murudi pamoja.