Mwokota Mipira wa Basel

Vijana wetu wengi hupenda michezo, lakini kazi ndogo ya uwanjani huionea haya. Twawapa mfano. Mwaka 1992, mjini Basel katika nchi ya Uswisi, mtoto wa miaka 11 aliyependa sana tenisi aliokota mipira katika mashindano makubwa ya mji huo. Kazi yenyewe ni kukimbia upesi, kumpa mchezaji mpira, kisha kusimama kimya. Mtoto huyo ni Roger Federer. Baadaye aliyashinda mashindano hayo hayo mara 10, mara ya mwisho mwaka 2019. Na ikawa desturi yake, yakiisha, kula piza pamoja na waokota mipira. Enyi vijana, msione haya kuanza chini. Na mkipanda, msiwasahau walio pale mlipoanzia.